Pampu ya Insulini Ikifika Isiolo: Ya Kujua Kabla ya Kuiwasha

Juma hili nimeletewa swali kutoka Isiolo, na kwa kuwa nyumba nyingi za huku pwani zina mtu wao kule, aliyepelekwa na ualimu, biashara au ndoa, nimeona nilijibu hapa watu wote wasome.

Familia moja ina binti wa miaka 11 mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kile kinachowapata zaidi watoto na vijana, ambapo kongosho huacha kutengeneza insulini. Amezoea sindano nne kwa siku. Mjombake aliyeko Marekani amewatumia pampu ya insulini iliyokuwa ya mtu mwingine, mtu mzima, ambaye amepata mpya. Imefika ikiwa nzima, betri imo, na ndani ya sanduku mna mirija na katriji za kutosha wiki tatu hivi. Wanauliza: tuiwashe leo au tungoje?

Ngojeni. Pampu ni kifaa kizuri na sisemi itupwe. Lakini pampu iliyopangiwa mwili wa mtu mwingine ni hatari kuliko kutokuwa na pampu kabisa, na hatari yenyewe haionekani kwa macho, kwa sababu mashine inafanya kazi bila kasoro yoyote. Mimi si daktari. Diploma yangu ni ya uhasibu, kwa hivyo nitakayoyasema ni ya kumwezesha mzazi aende kwa daktari akijua la kuuliza. Namba za kuweka ndani ya mashine hazitoki kwenye makala.

Kazi inayofanya

Mwili wenye afya hutoa insulini kwa njia mbili. Kuna ile inayotoka kidogo kidogo usiku na mchana, hata kama umelala na hujala kitu. Halafu kuna ile inayotoka kwa wingi ukila. Anayetumia sindano huiga haya kwa dawa mbili: insulini ya muda mrefu mara moja au mbili kwa siku, na insulini ya haraka kabla ya mlo. Pampu hutumia dawa moja tu, ile ya haraka. Inatia tone dogo kila baada ya dakika chache, kupitia mrija mwembamba na kanula laini iliyochomekwa chini ya ngozi ya tumbo, paja au tako. Hiyo ndiyo insulini ya msingi, na kwenye kioo cha mashine utaiona imeandikwa basal. Mtu akitaka kula hubonyeza na kuongeza dozi ya mlo, iliyoandikwa bolus.

Ishikeni sana hiyo habari ya dawa moja tu. Anayedunga insulini ya muda mrefu, akikosa dozi ya mchana bado ana akiba mwilini. Mwenye pampu hana akiba. Mrija ukikunjika au kanula ikichomoka mtoto anapojigeuza kitandani, baada ya saa chache mwili unakosa insulini, unaanza kuyeyusha mafuta, na asidi ziitwazo ketoni zinajaa kwenye damu. Mtoto anaamka asubuhi anatapika, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu na pumzi yake inanukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Hiyo ni dharura ya hospitali, wala si ya kungoja chai ya tangawizi ifanye kazi. Wengi hudhani pampu humlinda mtu na jambo hili, kumbe mwenye pampu hufikwa nalo haraka zaidi.

Nigusie kidogo historia, kwa kuwa kuna wanaoniuliza kila mara kama dawa yenyewe ni halali. Insulini iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best, na Januari 1922 alidungwa mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa hoi. Miaka hiyo na mingi baadaye ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe, na hapo ndipo shaka ya wazee wetu ilipoanzia. Tangu 1982 ipo insulini ya binadamu inayotengenezwa kiwandani kwa kutumia vijidudu, na ndiyo iliyoenea leo hospitalini pamoja na zile zilizotokana nayo. Pampu ya kwanza ya kubebwa, ya Arnold Kadish wa Los Angeles mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilibebwa mgongoni kama shanta. Leo inaingia mfukoni.

Kuiseti ni kuipa namba

Pampu haijui lolote kuhusu aliyeivaa. Inajua namba ilizopewa tu. Nitatoa mfano wa jinsi madaktari wanavyoanza, na sio wa binti huyu.

Chukua mtu anayetumia jumla ya yuniti 40 kwa siku kwa sindano. Kwa kuwa dawa ya pampu huingia taratibu na hutumika vizuri zaidi, daktari hupunguza kwanza, tuseme kwa asilimia 20, zikabaki 32. Karibu nusu yake, yaani 16, zinakuwa za msingi. Gawanya kwa saa 24, unapata kama yuniti 0.67 kwa saa. Nusu nyingine ni ya milo. Ili kujua yuniti moja inabeba chakula kiasi gani, wengi huanza kwa kugawanya 500 kwa 32, ikaja kama gramu 16 za wanga. Na ili kujua yuniti moja itashusha sukari kwa kiasi gani, hugawanya 100 kwa 32, ikaja kama milimoli 3 kwa lita. Kwa hesabu hiyo mtu aliyepima 13 na anataka kushuka hadi 7 atahitaji kama yuniti 2.

Kuna namba mbili zaidi. Moja ni shabaha, yaani kiwango cha sukari ambacho mashine inalenga. Ya pili husahauliwa, nayo ni muda ambao dozi iliyotiwa huendelea kufanya kazi, kwa kawaida saa 3 hadi 5. Ukiweka muda mfupi kuliko ukweli, mashine itadhani dozi ya saa mbili zilizopita imekwisha na itakubali kutia nyingine juu yake. Dozi zinarundikana, na sukari inaporomoka mtu akiwa hana habari.

Hesabu hizi ni za kuanzia tu. Ukweli unatoka kwenye kidole: kupima kabla ya kula, saa mbili baada ya kula, wakati wa kulala na, kwa siku za mwanzo, usiku wa manane pia. Daktari huangalia daftari na kurekebisha kidogo kidogo. Anayekuambia pampu inawekwa mara moja ikaisha hajaivaa.

Sasa turudi kwenye pampu ya yule mtu mzima. Tuseme msingi wake ulikuwa yuniti 1.4 kwa saa, na mtoto anahitaji 0.4. Kwa saa nane za usingizi mashine itatia yuniti 11.2 badala ya 3.2. Yuniti nane za ziada kwa mtoto aliyelala, bila chakula tumboni, zinaweza kumtia kifafa au kumuua. Mashine haitapiga kengele kwa sababu kwa upande wake inafuata amri. Ndiyo maana jambo la kwanza kabisa, kabla ya insulini kuingia ndani, ni kufuta kumbukumbu zote za mwenyewe wa kwanza na kuanza upya mbele ya mtu aliyefunzwa.

Saa ya Kiswahili na saa ya mashine

Hapa pana mtego ambao vitabu vya maagizo havitautaja kamwe. Pampu huweza kupangiwa kipimo tofauti kwa nyakati tofauti za siku, kwa kuwa mwili hauhitaji sawa alfajiri na alasiri. Saa ya mashine ni ya Kizungu. Muuguzi akimwambia mama "punguza msingi wa saa tisa usiku", kwenye mashine hiyo ni 3:00 AM. Mama akiandika 9:00 PM, kipimo kimepunguzwa saa sita kabla ya wakati wake, na ile saa ya hatari mtoto anapata dozi kubwa. Nimewaona watu wazima wakikosa ndege kwa sababu ya saa hizi mbili, sembuse mama mwenye usingizi.

Mashine iliyotoka Marekani pia itakuwa na saa ya huko. Isiporekebishwa, au AM ikawekwa badala ya PM, mtoto atapata usiku kipimo cha mchana. Kama mashine inakubali mtindo wa saa 24, utumieni huo, na andikeni kwenye karatasi pande mbili: saa yetu huku, saa ya mashine kule. Kila betri inapobadilishwa, saa ikaguliwe kabla ya jambo lingine.

Vipimo navyo vina mtego wake. Wamarekani hupima sukari kwa miligramu kwa desilita, sisi kwa milimoli kwa lita, na tofauti ni mara 18. Sukari ya 5 kwetu ni 90 kwao. Mashine ikiwa haina nafasi ya kubadilisha kipimo, basi nyumba hiyo itaishi na lugha mbili za namba, na mimi binafsi nisingependa kumwachia bibi mzigo huo.

Hali kadhalika chupa ya insulini. Pampu za kawaida zimetengenezewa insulini ya U-100, yaani yuniti 100 katika kila mililita. Soma chupa kila unaponunua. Na sindano za akiba ziwe za U-100 vilevile, kwa sababu katika nchi nyingine zipo sindano za U-40, na ukivuta dawa ya U-100 kwa alama za sindano ya U-40 umempa mtu mara mbili na nusu ya dozi yake.

Mashine ya mtumba

Sisi ni watu wa mtumba, sina haja ya kujificha. Lakini shati la mtumba likichanika unalishona. Mwaka 2019 kampuni ya Medtronic ilianza kurudisha pampu za MiniMed za mfululizo wa 600 kwa sababu kipete kinachoshika katriji kiliweza kuvunjika, na insulini ikaingia nyingi mno au kidogo mno. Mwaka huohuo mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba baadhi ya pampu za zamani za MiniMed zingeweza kuingiliwa kwa mawimbi ya redio na mtu aliye karibu. Kwa hivyo mjomba aliyeko huko ana kazi ya kufanya kabla hata ya kwenda posta: achukue jina la mashine na namba yake ya usajili, aulize kampuni kama imeitwa irudishwe. Aulize pia kama itaendelea kuhudumiwa na kama mirija yake bado inatengenezwa. Kuna mashine nzuri kabisa ambazo vifaa vyake vimekoma.

Mirija na kanula hubadilishwa kila siku 2 au 3. Ni seti kumi hivi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi. Vya wiki tatu vikiisha, familia nyingine huanza kunyoosha, seti moja wiki nzima, na hapo ngozi inaota uvimbe, kanula inaziba, na tunarudi kwenye ketoni. Kama nyumba haina uhakika wa miezi sita mbele, rai yangu ni kwamba fedha hiyo inunue insulini, sindano mpya na vibanzi vya kupimia sukari. Mtoto anayedungwa sindano na kupimwa mara nne au tano kwa siku yuko salama kuliko mwenye pampu asiyepimwa. Najua si jibu ambalo jamaa wa ughaibuni wangependa, maana zawadi ya vibanzi haina picha ya kutuma kwenye kikundi cha familia.

Kujaza bila kumvisha

Hatua hii nitaisema taratibu. Insulini itolewe kwenye baridi mapema ifikie joto la chumba, kwa sababu ya baridi hutoa mapovu ndani ya katriji, na povu kwenye mrija ni insulini isiyofika. Nawa mikono. Jaza katriji, gonga mapovu yapande juu, yasukume nje. Halafu mashine itataka kujaza mrija hadi tone lionekane ncha ya pili. Wakati huo mrija uwe mkononi mwako. Usijaze mrija kamwe ukiwa umeunganishwa na mwili wa mtoto. Kujaza mrija huweza kuchukua yuniti nyingi kwa mpigo, na yote yataingia chini ya ngozi.

Kanula mpya ichomekwe mahali papya, mbali na kitovu na mbali na kovu. Ichomekwe asubuhi au mchana, sio wakati wa kulala, ili kama imekaa vibaya mjue mkiwa macho. Pima saa mbili baadaye. Kengele ya kuziba haitoshi kutegemewa: kwa mtoto anayepata tone dogo sana kwa saa, mrija ulioziba unaweza kukaa saa kadhaa kabla mashine haijagundua.

Sukari ikipita 14 bila sababu inayojulikana, tia dozi ya kurekebisha na pima ketoni kwa vibanzi vya mkojo. Baada ya saa moja au mbili, kama haijashuka, acha kuiamini pampu: toa dozi kwa sindano, badilisha mrija, kanula na insulini. Ketoni zikionekana, sindano inakuja mara moja na daktari anapigiwa simu. Akianza kutapika, ni hospitali. Kwa ajili hiyo nyumba yenye pampu lazima iwe na insulini ya muda mrefu, sindano, na karatasi ya daktari inayosema kila siku mashine ikifa adungwe yuniti ngapi.

Upande wa pili, sukari ikishuka chini ya 4, mpe kama vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akiwa hajitambui usimtie kitu kinywani, atapaliwa. Mlaze ubavu, chomoa mrija mwilini na mkimbilie hospitali.

Joto la Isiolo

Jua la Isiolo mnalijua, joto la mchana mara nyingi hupita nyuzi 30. Chupa ambayo haijafunguliwa yataka nyuzi 2 hadi 8. Iliyofunguliwa, vibandiko vingi vinasema isizidi nyuzi 25 au 30 kwa wiki nne. Nyumba isiyo na friji itafanyaje?

Kuna jawabu lililotoka jirani. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za wakimbizi, wakaona linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Kisha wakaiweka insulini maabara kwenye joto hilohilo kwa wiki nne. Matokeo waliyoyachapisha 2021 yalionyesha nguvu ya dawa haikupungua kuliko ile ya friji. Ni habari njema kwa maskini wote wa Kaskazini. Lakini tusiivute kupita kiasi: walipima insulini ya kawaida ya binadamu ikiwa kwenye chupa, hawakupima insulini ya haraka ya pampu iliyokaa kwenye mkanda wa mtoto anayecheza juani. Kwa ile iliyo ndani ya pampu, watengenezaji wanasema ikipita nyuzi 37 itupwe.

Kwa hivyo chupa ikae kwenye mtungi: mtungi mdogo ndani ya mkubwa, kati yake mchanga uliolowa, mahali penye kivuli na upepo. Isiolo hewa ni kavu, maji hukauka upesi na mtungi unapoa barabara. Kwetu Mombasa na Lamu hewa ina unyevu, mtungi hautapoa vile. Dawa isigusane na barafu, maana iliyoganda imeharibika hata ikiyeyuka. Pampu yenyewe ivaliwe ndani ya nguo na isiachwe kwenye gari. Wakati wa joto kali katriji ibadilishwe baada ya siku mbili. Na ngozi yenye joto hunywa insulini haraka zaidi, basi siku ya kukimbia juani sukari inaweza kushuka ghafla. Jasho nalo hubandua plasta.

Chakula, saumu na udhu

Dozi ya mlo inataka mtu ajue wanga ulio kwenye sahani. Kikombe cha wali uliopikwa kina kama gramu 45. Nazi haimo kwenye hesabu ya wanga lakini mafuta yake huchelewesha sukari kupanda. Anjera, chapati na mahamri yote yahesabiwe. Maziwa ya ngamia watu wa Isiolo huyaona kama maji, nayo yana sukari yake ya asili, kama gramu 4 au 5 kwa kila mililita 100, hivyo bilauri kubwa si ya kuiacha nje ya hesabu. Kwa watu wazima niongeze miraa: anayetafuna hali chakula lakini anakunywa soda na chai ya sukari usiku kucha, na hakuna mashine itakayoelewa siku kama hiyo.

Ramadhani, mtoto ambaye hajabaleghe hana faradhi ya kufunga, na mgonjwa ana ruhusa ndani ya Qur'ani yenyewe. Mtu mzima wa aina ya kwanza anayesisitiza kufunga akae na daktari wiki sita au nane kabla. Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unazungumzia kupunguza insulini ya msingi kwa asilimia 20 hadi 40 katika saa 3 au 4 za mwisho kabla ya magharibi, na kuiongeza kidogo baada ya kufuturu. Kupima kidole hakufunguzi. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.7, saumu ivunjwe hapohapo.

Kanula ya tumboni haigusi viungo vya udhu. Kwa janaba, pampu nyingi huchomolewa kwa muda mfupi na kurudishwa, na plasta inayobaki ina mlango wake katika fiqhi ya majeraha. Muulize sheikh wako, usimuulize mwandishi.

Nani wa kuonwa

Safari ianzie kliniki ya kisukari ya Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Isiolo, ambako faili ya mtoto ipo. Hawatakuwa na pampu nyingi walizoziona, na muuguzi anayekwambia hajaizoea amekusaidia kuliko anayebonyeza kwa kubahatisha. Aombwe barua ya rufaa, ama Meru ama Nairobi kwa mtaalamu wa homoni za watoto. Tangu 2008 Nairobi ina mpango wa kufunza madaktari wa fani hiyo kutoka nchi nyingi za Afrika, uitwao PETCA, kwa hivyo wataalamu wapo. Nendeni na pampu ikiwa imezimwa, vifaa vyote, daftari la sukari la wiki mbili na orodha ya anachokula. Ulizeni siku za kwanza mtampigia nani usiku. Kabla ya picha ya eksrei au ya MRI, pampu ivuliwe.

Kisha shule. Mwalimu wa darasa na wa madrasa waonyeshwe mashine, wajue kuwa si simu na isinyang'anywe, na wajue mtoto akitetemeka au akitoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka apewe sukari kwanza ndipo mama apigiwe. Mkoba wake uwe na glukometa, vibanzi, sindano, chupa ndogo ya insulini ndani ya kitambaa chenye maji, betri, seti moja ya mrija na pakiti ya glukosi. Wenzake nao waambiwe. Watoto hupenda kubonyeza.